Kugongwa na Nyundo

Jina la Nyundo alipewa na wenzake kwenye uwanja wa kokoto, na kwa miaka mingi alilipenda. Wanawake walikaa pale chini ya vivuli vya magunia, kila mmoja na rundo lake la mawe mbele ya miguu, na kila mmoja alibatizwa kwa kadiri alivyofanya kazi. Yupo aliyeitwa Kasuku, kwa kuwa aliponda maneno kuliko mawe. Yupo aliyeitwa Bibi Kidole, ambaye kidole gumba chake hakikupata hata siku moja nafasi ya kupona. Nyundo yeye alikuwa akilitazama jiwe, akaligeuza, akalipiga mara moja, likafunguka kama mkate. Mwenye uwanja alisimama akamtazama, akasema, "Huyu hatumii nyundo. Huyu ndiye nyundo." Basi, likamganda.

Kazi hiyo ilimpa mikono. Kutoka begani hadi kwenye kiwiko ilikuwa minene, imekaza, na alipovaa gauni la mikono mifupi watu waligeuza shingo. Mumewe, aliyemzidi umri na mwembamba kiasi kwamba upepo ukivuma ulibidi umfikirie kwanza, alikuwa akimtambulisha kwa wageni hivi: "Mimi nilitafuta mlinzi, nikapata na mke ndani yake."

Mume alikuwa kinyozi, na wote walimwita Kinyozi, hata mkewe. Walikuwa na vyumba viwili vilivyofuatana. Cha mbele kilifunguka barabarani. Humo mlikuwa na kioo kirefu chenye ufa pembeni, benchi la wanaosubiri, na kiti cha kuzunguka ambacho kilikuwa kimeacha kuzunguka zamani. Cha nyuma kilikuwa na kitanda, jiko na masanduku. Katikati palikuwa na pazia tu. Kwa hiyo Nyundo akiwa nyuma anakuna nazi au anafua, alisikia kila kilichosemwa mbele, na kilichosemwa mbele kwa kawaida kilikuwa utani. Kinyozi hakunyoa mtu bila kumchekesha. Alisema mteja anayecheka hasikii wembe ukiwa butu. Watu walikuja na vichwa vilivyonyolewa jana, wakakaa kwenye benchi, ilimradi wamsikie.

Doa la kwanza lilitokea chini ya mfupa wa shavu la kushoto la Kinyozi. Lilikuwa la zambarau iliyoiva, duara, kama kifungo cha koti, na pale pa kati palikuwa pameinuka kidogo. Nyundo aliliona asubuhi, mumewe akipiga mswaki.

"Umejigonga wapi?"

"Sijui. Labda nimelalia ukingo wa kitanda."

"Linauma?"

Kinyozi alilibonyeza mbele ya kioo. "Haliumi hata kidogo. Pengine si langu, limekosea nyumba."

Siku ileile dereva wa lori aliyekuwa mteja wake wa miaka alikaa kwenye kiti, akamtazama kupitia kioo. "Kinyozi, uso huo vipi leo?"

Kinyozi hakufikiri hata kidogo. "Nimegongwa na nyundo."

Benchi zima likavunjika mbavu. Nyuma ya pazia Nyundo naye alicheka mpaka akaacha kufua, akapaza sauti: "Na kesho nitamgonga upande wa pili, sura ilingane." Wakacheka upya, wengine wakapiga mapaja. Ilikuwa siku nzuri. Baadaye, maneno yale mawili, lake na la mumewe, yalirudi kwake kupitia vinywa vingi, na hakuna kinywa hata kimoja kilichorudi na kicheko chake.

Doa halikuondoka. Likaja lingine begani, kisha mawili mgongoni, makubwa kuliko lile la kwanza, mekundu pembeni na meusi katikati. Mtu angemtazama akiwa kifua wazi angesema katoka kwenye ugomvi. Nyundo akamsumbua aende zahanati, na siku moja, yeye akiwa kwenye kokoto, Kinyozi akaenda.

Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Tabibu hakuinua macho. "Nini kilitokea?"

Na Kinyozi, kwa mazoea tu, kama mtu anayekohoa, akasema, "Nimegongwa na nyundo, daktari."

"Ya seremala?"

"Ya kokoto."

"Pole. Inauma?"

"Haiumi."

Tabibu akampa dawa ya kuchua na vidonge vya maumivu kwa kitu kisichouma. Akamwambia damu imevilia ndani, itayeyuka yenyewe, awe na subira. Kinyozi alirudi akamsimulia mkewe kisa chote akicheka, jinsi tabibu alivyoandika huku kakunja uso kama hakimu. Nyundo hakucheka sana safari hii. Akamuuliza, "Sasa umemwambia ukweli saa ngapi?"

"Ukweli gani? Kwani mimi naujua?"

Asichokijua Kinyozi ni kwamba dada yake mkubwa, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga deki pale zahanati, alikuwa ukumbini na ndoo yake, na mlango ulikuwa wazi. Tabibu alisikia nyundo ya chuma. Dada alisikia nyundo yenye miguu miwili na gauni. Kila mmoja aliondoka na alichosikia, na kuanzia siku ile ugonjwa ukapata nafasi ya kufanya kazi yake kwa utulivu, maana waliopaswa kuutafuta walikuwa wameshapata jibu.

Dada huyo, wifi yake Nyundo, alikuja siku ya mapumziko, pamoja na mdogo wao wa kiume, fundi baiskeli. Walikaa kwenye benchi la wateja kama wanaosubiri kunyolewa.

"Wifi, tumekuja kwa heri," alisema dada wa mume.

"Karibuni. Heri gani hiyo imekunja uso hivyo?"

"Kaka, vua shati."

Kinyozi akatabasamu, akamtazama mkewe, akaona hakuna anayetabasamu. Akavua. Fundi baiskeli alitazama mgongo wa kaka yake, kisha akatazama kando kama mtu aliyeona uchi wa mzazi.

"Nani kafanya hivi?" dada akauliza.

"Hakuna. Yanatoka yenyewe."

"Yenyewe. Kama uyoga."

Fundi baiskeli alikuwa akitazama nyundo ya mke wa kaka yake, iliyoegemezwa ukutani karibu na pazia. "Shemeji, hiyo inalala ndani?"

"Ilale wapi? Ikilala nje kesho naponda mawe kwa meno."

"Nauliza tu."

"Jamani," Kinyozi alisema, "ule ulikuwa utani. Huyu hajawahi kuniinulia hata mwiko. Mimi nawaapia."

Dada yake akaanza kulia, taratibu, huku akitafuta ncha ya kanga. "Mnamsikia? Mnasikia anavyomtetea? Ndivyo wanavyokuwa. Pale zahanati nawaona kila siku, wanawake kwa wanaume. Hakuna anayesema."

Nyundo akasimama. Alitaka kusema jambo moja zuri, lililonyooka, ambalo lingemaliza kikao, lakini kwa kusimama ghafla alikisukuma kigoda nyuma yake, kikaanguka kwa kishindo. Wote wakaruka. Kinyozi naye akashtuka, kwa kuwa kitu kikianguka mtu hushtuka; lakini walichokiona wale wawili ni ndugu yao kifua wazi, mgongo umejaa madoa, akijikunyata mkewe aliposimama.

Lile jambo zuri likamkauka mdomoni. Alijua kwamba akipaza sauti atakuwa amethibitisha, na akinyamaza atakuwa amekubali. Akainama akakiinua kigoda, taratibu, akakiweka mahali pake. Hata huko kuweka taratibu alihisi kunatazamwa kama ujanja.

Wakaamua kumchukua. Kinyozi hakubisha; alikuwa akichoka upesi siku zile, na isitoshe alikuwa na hoja yake. Alimnong'oneza mkewe pazia limefungwa, "Ni vizuri niende. Nikiwa kwa dada wakaona yanaendelea kutoka, si mambo yamekwisha? Watakuja wenyewe kukuomba radhi. Wewe kaa, subiri, ujifanye umenuna."

"Sihitaji kujifanya."

"Basi ndiyo rahisi zaidi."

Nyundo akaiona hoja hiyo ina akili. Akamfungia nguo, akamkabidhi kwa wifi yake kama mtu anayekabidhi shahidi.

Madoa yaliendelea kutoka. Moja likaja kifuani, moja kwenye paji la uso, ambako hakuna shati la kuficha. Nyundo akakaa akisubiri hodi ya kuombwa radhi. Lakini alikuwa amefanya kosa ambalo mke yeyote angelifanya: wifi yake akiwa kazini, alikuwa akipita nyumbani kwake mchana, anampelekea mumewe mashati safi na kumchua mgongo kwa ile dawa ya zahanati, kwa kuwa mtu hawezi kuufikia mgongo wake mwenyewe. Jirani alimwona akitoka mlango wa uani. Na habari ilipomfikia wifi haikuwa ya mashati. Ilikuwa hivi: anamfuata mpaka kwangu.

Kitasa kikabadilishwa.

Kwenye uwanja wa kokoto mambo yalikuwa mabaya kwa namna nyingine. Hapo hawakumlaumu, walimsifu. "Mwenzetu ana dawa ya waume," Kasuku alitangaza, "inakuja na mpini." Wanaume waliokuja kupakia kokoto walimsalimia kwa adabu ambayo hawakuwa nayo zamani, wakimkwepa kwa mbali kama mbwa asiyefungwa. Bibi Kidole alimuuliza mbele ya watu kama anapiga kwa upande bapa au upande wenye ncha, naye Nyundo akamjibu, "Njoo nikuonyeshe," na wakacheka, na akajua palepale kwamba jibu hilo nalo litasafiri.

Siku moja mwanamke kijana, mgeni pale uwanjani, aliburuta gunia lake akakaa karibu naye. Aliponda nusu ya rundo lake. Kisha, bila kuinua uso, akauliza, "Mama, ulianzaje?"

"Nilianzaje nini?"

Yule kijana akapandisha mkono wa gauni. Alama zilikuwa pale, za kijani na njano, za vidole vya mtu. Hizo zilikuwa zinauma. Ilionekana wazi kwa jinsi alivyoushusha mkono wa nguo.

Nyundo alitaka kumwambia kwamba yeye hajawahi kumpiga mtu, kwamba yote ni uongo. Lakini akaona macho ya yule binti, jinsi yalivyomshikilia, na akatambua kwamba ule uongo ndio kitu pekee mtu huyu alichokuja nacho kazini leo. Akasema tu, "Usirudi kulala kwake leo." Akaendelea kuponda. Kwa hiyo sasa hata yeye mwenyewe alikuwa ameshindwa kukana.

Binti yake wa kumzaa ndiye aliyemmaliza. Alikuwa ameolewa mji mwingine, na akapiga simu jioni, sauti laini mno.

"Mama, nataka uniambie kweli tu. Sitakuchukia."

Nyundo alishika ile simu akitazama kiti kisichozunguka. Mtu huambiwa "sitakuchukia" akiwa keshahukumiwa. Mtoto aliyemzaa, aliyelala kwenye chumba hiki hiki nyuma ya pazia hili hili miaka yote ya utoto wake na hakuwahi kusikia hata kofi moja, alikuwa akimwahidi msamaha.

"Umeshiba?" akamuuliza mwanawe. "Mumeo hajambo?" Na akakata.

Kisha fundi baiskeli akaja mbio, amepanda baiskeli ya mteja. "Shemeji, kaka hawezi kusimama." Hakumtazama usoni. "Dada kasema uje."

Alimkuta Kinyozi amekaa kitandani kwa dada yake, ana homa, shingo imejaa mafundo kama mtu aliyemeza kokoto zikakwama, na chini ya makwapa vilevile. Alikuwa amekonda mpaka ule mzaha wa upepo haukuwa mzaha tena. Walikwenda hospitali kubwa wote watatu, Nyundo na wifi yake kila mmoja amemshika upande, bila kutazamana.

Daktari wa ngozi alikuwa mama wa makamo, miwani yake ikining'inia kwa kamba. Alimtazama mgonjwa, akatazama mikono ya Nyundo, akasema kwa upole, "Nyinyi kina mama nisubirini nje." Nyundo alijua kwa nini. Akakaa kwenye benchi la ukumbini, wifi yake akakaa benchi la mkabala, na kati yao wagonjwa wakapita na magongo yao.

Kilichosemwa ndani Kinyozi alimsimulia baadaye. Daktari alimuuliza kama nyumbani anaishi kwa amani. "Nakuambia, mama watoto, lilinijia," alisema. "Lile neno. Lilinifika hapa ncha ya ulimi, tayari kabisa. Nikalimeza. Nikamwambia, daktari, hakuna aliyenipiga, nisaidie."

Daktari alibonyeza madoa moja baada ya jingine kwa kidole gumba. Alisema damu iliyovilia kwa pigo hubadilika rangi, huwa kijani, huwa njano, hufifia. Haya hayajawahi kufifia, na ni magumu kwa ndani. Akakata kipande kidogo cha ngozi begani, akakituma maabara.

Jibu la kwanza lilikuja na maneno mengi na jibu halimo. Wakakata kipande kingine. Maabara ya pale ikasema huenda ni ugonjwa fulani wa ngozi, akapewa dawa zake, akavimba uso, dawa zikasimamishwa. Kipande cha tatu kikapelekwa mbali, kwa watu wenye vifaa zaidi. Siku hizo zote Kinyozi alikuwa amerudi kwake. Hakuna aliyekaa kikao kuamua arudi. Gari lilipotoka hospitalini wifi alisema tu anashuka kwanza, ana kazi alfajiri. Kumwokoa ndugu ni kitu kimoja, na kumbadilishia shuka lililolowa jasho ni kitu kingine.

Hatimaye waliitwa. Walimtoboa mfupa wa nyonga, wakavuta uboho, na yaliyotoka humo yakalingana na yale ya ngozi. Safari hii alikuwapo daktari wa damu, mwanamume mrefu aliyezungumza kama anayehofia kuamsha mtoto. Familia yote ilikuwa mle chumbani.

"Ni saratani ya damu," alisema. "Ni ya nadra sana. Mimi katika kazi yangu sijawahi kumwona mgonjwa wake, nimeisoma tu. Jina lake ni refu, hata sisi tunalifupisha. Mara nyingi inaanza kujionyesha kwenye ngozi, kwa madoa kama haya, kama mtu aliyevilia damu. Ndiyo maana inachelewa kujulikana. Na inakwenda kasi."

Fundi baiskeli akashika tama. Nyundo alihisi vitu viwili kwa pamoja, na kile cha kwanza kilimtia aibu: kabla ya kusikia kwamba mumewe anakufa, alisikia kwamba hakumpiga.

Wifi yake akavuta pumzi. "Inaletwa na nini, daktari?"

"Hatujui."

"Hamjui kabisa?"

"Kwa kweli bado hatujui."

"Haiwezi kuwa mtu kapigwapigwa, damu ikaharibika humo ndani?"

"Hapana, mama. Hilo hapana. Kupigwa hakuleti ugonjwa huu."

Alilisema wazi. Nyundo alilisikia, Kinyozi alilisikia, hata nesi aliyekuwa akifunga kabati alilisikia. Lakini wifi alichotoka nacho mlangoni ni lile neno la mwanzo. Kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa unalo: daktari mwenyewe kasema hajui. Na watu wakipewa "hatujui" hawaiachi tupu. Waliijaza kwa kitu walichokuwa nacho tayari. Vipigo vimegeuka saratani. Mtu akipigwa miaka, damu inachoka. Zamani Nyundo alikuwa mke anayempiga mumewe. Sasa alikuwa mke aliyemuua, ila tu mume hajamaliza kufa.

Alimwambia Kinyozi jambo moja, siku moja anamlisha uji kwa kijiko. "Lile neno ulilitoa kwa mdomo wako. Lifute hivyohivyo."

Kinyozi akaelewa. Dawa za kuua saratani zilikuwa zimemnyonyoa nywele zote, yeye kinyozi, hata nyusi. Aliomba avalishwe shati jeupe, afunguliwe mlango wa mbele. Nyundo akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe, kile cha wateja, na habari ikaenda kwamba Kinyozi yuko dukani. Wakaja. Dereva wa lori akaja, wa benchi wote wakaja, wakajaa mpaka barabarani, wengine machozi yakiwalengalenga kwa kumwona alivyo.

Nyundo alisimama nyuma ya pazia. Alisikia mumewe akikohoa.

"Jamani. Nimewaita. Nataka niseme mbele yenu wote kwamba mke wangu hajawahi kunipiga."

Kisha dereva wa lori akasema, "Yuko nyuma ya pazia, eeh?"

Kikaanza kicheko kimoja, kikafuatwa na kingine.

"Nasema kweli," Kinyozi alisema. "Sitanii."

Hapo ndipo walipoangua kweli. Walicheka kwa upendo, kwa nafuu, kwa furaha ya kumwona yuleyule, kumbe ugonjwa haujamchukua. "Huyu mtu," alisema mmoja akijifuta macho, "huyu mtu atamchekesha hata mchimba kaburi." Kinyozi akajaribu tena, sauti ikamkatika, nao wakapiga makofi. Kupitia upenyo wa pazia Nyundo alimwona kwenye kioo, kichwa cheupe, mdomo wazi, akiwatazama wateja wake mmoja mmoja kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yake mwenyewe na wa ndani hawamtambui.

Walipoondoka Nyundo alitoka nyuma ya pazia. Akamwekea mkono kichwani. Naye akasema, "Nisamehe," na mara hiyo hakukuwa na anayecheka.

Baada ya hapo damu yake ikawa haigandi tena. Daktari alikuwa ameonya: chembe zinazozuia damu kuvuja zimekwisha, ukimgusa kwa nguvu kidogo itavilia. Lakini mtu asiyeweza kujigeuza lazima ageuzwe, na asiyeweza kuketi lazima akamatwe makwapani. Nyundo alijaribu kumshika kama anavyoshika yai. Hata hivyo kila alipomwinua, baada ya muda vidole vyake vilitokea kwenye mikono ya mumewe, vinne upande huu na gumba upande ule, vimechorwa kwa zambarau. Alivitazama siku ya kwanza mpaka macho yakauma. Mikono ile iliyoponda mawe miaka yote bila kumgusa mtu, sasa ilikuwa imeandika.

Hakumfunika. Wifi yake alipokuja kumwona kaka yake alimkuta hana shati kwa joto, na alama hizo ziko wazi.

"Hizi je?" wifi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hizo ni zangu," Nyundo alisema. "Za kumwinua. Zile nyingine hazikuwa zangu."

"Hata sasa hivi. Mgonjwa alivyo hivi, bado."

"Anataka kugeuzwa. Mgeuze wewe."

Wifi akamtazama, akaweka mkoba chini, akakunja mikono ya nguo. Alikuwa mwanamke wa kupiga deki, naye hakuwa legelege. Akamshika kaka yake chini ya makwapa, taratibu kabisa, kwa huruma yote aliyokuwa nayo, akisema, "Pole, kaka, pole, tayari," akamvuta juu ya mto. Akamkalisha. Akampangusa mdomo. Akakaa pembeni yake kitandani, amemshika mkono, na uso wake ulionyesha kwamba jambo limethibitika: mgonjwa anaweza kuinuliwa bila kuachwa alama.

Walikaa hivyo, Nyundo akikunja mashuka. Chai ilichemka, ikanywewa. Kinyozi alisinzia. Na wifi alipoinamia kumfunika, akaganda.

Vilikuwa vimetokea juu kidogo ya vile vya Nyundo. Vidole vyembamba zaidi, virefu zaidi, kimoja kikiwa na alama ya pete. Aliweka mkono wake karibu navyo, bila kugusa, akavilinganisha, kisha akaurudisha mkono haraka akauficha ndani ya kanga kana kwamba umeiba.

Nyundo alimwona. Alikuwa ameisubiri saa hii tangu kigoda kianguke. Alikuwa amepanga maneno yake kitandani, barabarani, juu ya mawe, ameyanoa, ameyabadilisha, ameyanoa tena. Yalikuwa mazuri sana yale maneno.

Dukani mbele wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi, wamekuja kuuliza hali. Sauti zao zilisikika wazi kupitia pazia. Wifi akageuza kichwa kuzisikiliza, kisha akamgeukia Nyundo, macho yamemtoka.

"Wifi," alinong'ona, "tafadhali. Usimwambie mtu."

Kicheko kikamjia Nyundo, kidogo, kikavu, kama jiwe linapopata ufa, na akaona hakina haja.

"Nimwambie nani, wifi?" alisema. "Njoo, ameteleza tena. Shika miguu."